Namna ya Kuandaa Programu ya Kuzijua Taaluma kwa Wasichana wa Sekondari

Kila mwaka, UNEB, baraza la mitihani la Uganda, inapotangaza matokeo ya UCE, mtihani wa kumaliza kidato cha nne, wazazi hufika katika shule yetu iliyo nje kidogo ya mji wa Tororo wakiwa wameongozana na binti zao, nao huuliza swali moja: mtoto achukue kombinesheni gani kidato cha tano? Wenzetu wa Tanzania huiita mchepuo, lakini uzito wake ni uleule. Msichana asiyechukua fizikia na hisabati amejifungia mlango wa kwenda moja kwa moja katika shahada ya uhandisi, na asiyechukua biolojia na kemia hatapokelewa kusomea udaktari wa binadamu, hata kama masomo mengine ameyafaulu vizuri namna gani. Hata hivyo, wengi wa wasichana wanaoketi mbele ya meza yangu siku hizo hawajawahi kumwona mhandisi akiwa kazini, wala wakili akisimama mbele ya hakimu, wala mkaguzi akipitia hesabu za kampuni. Huchagua kwa kufuata jina la kazi, neno la mjomba, au kombinesheni aliyoichukua rafiki.

Ninafundisha Kiswahili na kusimamia ushauri wa masomo, na kwa miaka kadhaa nimeandaa programu ya kuwapeleka wasichana kuziona taaluma zinavyofanywa. Mwongozo huu nauandika kwa mwalimu mwenzangu, kwa mlezi wa klabu ya shule, na kwa kikundi cha wanawake wenye taaluma kinachotaka kusaidia lakini hakijui kianzie wapi. Msimamo wangu ni huu: msichana anapaswa kuketi karibu na mwanamke anayeifanya kazi hiyo, kwa saa za kutosha kuiona kazi yenyewe na ugumu wake, na afanye hivyo kabla ya kuchagua masomo. Siku ya hotuba chini ya turubai, yenye wageni sita na kipaza sauti, haiwezi kuchukua nafasi hiyo.

Wakati unaofaa

Likizo ya mwezi wa nane ya kidato cha tatu ndiyo inayofaa zaidi. Kidato cha nne mwanafunzi huwa ameelemewa na mitihani, na likizo ndefu inayofuata UCE huwatawanya wasichana: mmoja anapelekwa kwa shangazi Jinja, mwingine anaingizwa katika biashara ya familia pale Malaba mpakani, na wengine, inasikitisha kusema, huanza kuzungumziwa habari za kuolewa. Mwanafunzi wa kidato cha tatu bado ana mwaka mzima wa kurekebisha alama zake baada ya kugundua kwamba somo alilokuwa akilikimbia ndilo ufunguo wa kazi aliyoipenda. Nimeona wasichana waliorudi kutoka katika ziara wakaanza kukaa mstari wa mbele katika kipindi cha kemia, na mabadiliko hayo hayawezi kupatikana mwezi mmoja kabla ya mtihani.

Mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioanza mwaka 2020, umeturahisishia kazi. Kwa kuwa unadai wanafunzi wafanye miradi na wapimwe mwaka mzima, mwalimu mkuu aliyekuwa akiiona programu ya namna hii kama mzigo wa ziada sasa anaweza kuonyeshwa kwamba ni sehemu ya kufundisha. Ukimwendea, nenda na mpango ulioandikwa, unaoeleza ni mradi wa somo gani utakaotokana na ziara hiyo.

Kuwachagua na kuwaandaa wasichana

Usiwachukue wanaoongoza darasa peke yao. Hao mara nyingi wana mtu nyumbani wa kuwaelekeza. Mimi huomba kila anayetaka kushiriki aandike nusu ukurasa akijibu swali hili: ni kazi zipi ambazo umewahi kuziona kwa macho yako zikifanywa na mwanamke? Majibu hufanana kwa namna inayouma moyo: mwalimu, muuguzi, fundi cherehani, mwuzaji wa sokoni, mara mojamoja askari polisi au karani wa benki. Karatasi hizo nazitunza, kwa sababu zinaniambia ni wageni gani wa kuwatafuta, na kwa sababu mwisho wa programu msichana huandika orodha hiyo upya na kuiona ilivyorefuka. Ninachukua kumi na wawili, nikihakikisha kwamba angalau nusu yao ni wa alama za katikati.

Wiki nne kabla ya ziara tunakutana kila Ijumaa baada ya masomo. Tunajifunza kusalimia ofisini, kujitambulisha bila kunong'ona, kuandika maelezo huku mtu anazungumza, na hasa kuuliza. Kuuliza ni ufundi, na wasichana wetu wengi wamelelewa kunyamaza mbele ya wakubwa, kwa hiyo wasipofanya mazoezi watarudi na heshima nyingi na habari chache. Maswali yanayozaa ni yale yanayoelekea katika siku ya kazi: Leo asubuhi ulifanya nini kabla hatujafika? Ni jambo gani ulilojifunza shuleni umelitumia wiki hii? Ni kosa gani la kazi ambalo hutalisahau? Ada yako ya chuo ilitoka wapi? Watoto wako wanabaki na nani ukiwa zamu ya usiku? Swali hili la mwisho wasichana huliogopa, ilhali wenyeji wetu hulijibu kwa uwazi kuliko yote, maana wamelitafutia jibu kwa miaka mingi.

Kuwapata wenyeji

Anza na mahali ulipo. Sisi wa Tororo tuna hospitali, mahakama, benki, viwanda vya saruji na, kwa mwendo mfupi wa teksi, kituo cha forodha cha Malaba, ambako maafisa wa ushuru na mawakala wa mizigo hufanya kazi tangu alfajiri. Chuo Kikuu cha Busitema kina uhandisi katika kampasi yake kuu iliyo kando ya barabara kuu, sayansi za afya kule Mbale, na kilimo na mifugo kule Arapai karibu na Soroti. Soroti hiyohiyo ina chuo cha urubani kilichoanzishwa mwaka 1971, na wasichana wengi wa mashariki huipita kwa basi bila kujua kwamba marubani hufunzwa pale. Kila mkoa una vitu vyake: Entebbe ina taasisi ya utafiti wa virusi, Jinja ina mabwawa ya umeme, Mbarara ina chuo kikuu cha sayansi na teknolojia tangu mwaka 1989. Vyama vya kitaaluma navyo husaidia. FIDA Uganda, chama cha mawakili wanawake, kipo tangu mwaka 1974, na taasisi ya wahasibu, ICPAU, inaweza kukuelekeza kwa wahasibu waliosajiliwa.

Ukishampata mwanamke anayekubali, usiridhike na ahadi yake ya simu. Mtumishi wa serikali hawezi kumpokea mwanafunzi bila ruhusa ya mkuu wake, na wengi huona haya kulisema hilo. Andika barua kwa mkuu wa taasisi, isainiwe na mwalimu mkuu na kugongwa muhuri, nakala moja iende kwa afisa elimu wa wilaya, na jina la mwenyeji litajwe ndani yake. Kisha omba jambo dogo: wasichana wawili, siku moja, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana. Ombi dogo hukubaliwa haraka, na likifanikiwa, mwaka unaofuata mwenyeji mwenyewe ndiye anayeuliza lini mtakuja.

Jambo la udogo wa kundi nililijua kwa kukosea. Mwaka wa kwanza niliwapeleka wasichana thelathini na wanane katika hospitali moja kwa siku moja, bila kukubaliana na mtu yeyote nani atawapokea. Tulisimama ukumbini tangu asubuhi hadi saa saba. Daktari mmoja alipita akawaambia wasome kwa bidii, akaendelea na safari yake, na hakuwa na kosa, kwa kuwa wagonjwa walikuwa wakimsubiri. Wasichana walirudi wakiwa wamesoma mabango yote ya ukutani na kusikia njaa. Tangu siku hiyo sijawahi kumpeleka msichana mahali ambapo hakuna mtu anayejua jina lake.

Siku yenyewe

Nitaeleza siku moja kwa kirefu, kwa sababu ndani yake mtu anaweza kuona programu nzima inatafuta nini. Wasichana wetu wawili walikaa na mhandisi kijana katika ujenzi wa daraja dogo la barabara ya wilaya. Aliwavika kofia ngumu na viatu vya mpira, akawaonyesha michoro, na zege lilipokuwa tayari akawaita karibu na koni ya chuma yenye urefu wa sentimita 30. Koni hiyo hujazwa zege kwa tabaka tatu, na kila tabaka hushindiliwa kwa fimbo ya chuma mara 25. Alimpa msichana mmoja fimbo ahesabu na kushindilia mwenyewe. Kisha koni iliinuliwa polepole, na zege likaporomoka. Mhandisi aliweka rula, akapima limeshuka kiasi gani, akainamisha kichwa kidogo, akasema maji yamezidi, mchanganyiko huo usimwagwe. Msimamizi wa vibarua, mwanamume wa umri wa baba yake, alijaribu kubisha kwamba saruji itapotea bure. Yule dada hakupandisha sauti. Alirudia kipimo, akaandika namba katika daftari lake, akasema tena: usimwagwe. Nao hawakuumwaga.

Jioni msichana yule aliniambia, "Madamu, kumbe ni namba ile ndiyo iliyomnyamazisha mzee." Nilikuwa nimemsikia mara nyingi akisema kwamba fizikia ni ya wavulana. Sikumwambia neno lolote juu ya hilo, naye hajalisema tena.

Kwa hiyo, unapopanga na mwenyeji, mwombe awape wasichana kitu cha kushika au kukitazama kwa karibu, ilimradi ni salama. Mtaalamu wa maabara anaweza kuwaonyesha vimelea vya malaria kupitia hadubini kwenye kioo kilichokwisha kutiwa rangi. Mhasibu anaweza kuwapa risiti za mfano zisizo za mteja yeyote, wazilinganishe na kitabu cha fedha hadi waone shilingi zilizopotelea wapi. Mfamasia anaweza kuwafafanulia anavyosoma cheti cha daktari na kwa nini wakati mwingine humrudishia mgonjwa akaulize tena. Mwombe pia asiwafiche sehemu ya kuchosha. Msichana aliyeona kwamba wakili hutumia asubuhi nzima kusoma majalada anajua jambo la kweli kuhusu uanasheria ambalo hotuba isingempa.

Mahakama ndiyo darasa la bei nafuu kuliko yote. Ibara ya 28 ya Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inataka kesi isikilizwe hadharani, kwa hiyo wasichana wanaweza kuketi katika viti vya wasikilizaji, mradi wanyamaze na simu zizimwe. Mtaarifu karani mapema, nanyi mtafute siku yenye kesi ya madai au ya kawaida ya jinai. Kesi za watoto husikilizwa faraghani, na kesi za ukatili wa kingono nisingependa msichana wa miaka kumi na sita azikute bila kuandaliwa. Ikiwezekana, hakimu au wakili azungumze nao robo saa baada ya kikao, kwa sababu mengi ya mahakamani hayaeleweki kwa kutazama tu.

Wazazi

Programu nyingi huwasahau wazazi, halafu hushangaa msichana anapokatazwa asubuhi ya safari. Waite wiki mbili kabla. Barua iandikwe kwa lugha wanayoisoma, nasi huku hutumia Kiswahili, Kidhopadhola na Kiateso pamoja na Kiingereza. Waeleze binti yao anakwenda wapi, kwa nani, kwa chombo gani, na atarudi saa ngapi. Mzee mmoja aliniuliza maswali hayo manne tu, nilipoyajibu akasaini, na sikuona haja ya kumhutubia kuhusu haki za mtoto wa kike, maana alichotaka ni usalama wa mwanawe.

Wengine wataleta hoja ya fedha. Watakuambia kwamba tangu Julai 2022 mwalimu wa sayansi mwenye shahada katika utumishi wa serikali hulipwa shilingi milioni nne kwa mwezi, basi mtoto asome sayansi na mjadala uishe. Wasikilize kwa heshima, kwa kuwa ni watu waliolipa ada kwa taabu. Lakini wakumbushe kwamba msichana anayelazimishwa kuchukua kombinesheni ya sayansi akafeli hatapata mshahara huo, na kwamba sheria, uhasibu, uandishi na ualimu wa lugha ni taaluma zinazoendesha nchi. Kuhusu ada ya chuo, wajulishe kwamba upo mpango wa serikali wa mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu, unaotokana na sheria ya mwaka 2014, ambao huelekeza mikopo yake zaidi kwenye kozi za sayansi na teknolojia.

Waeleze pia habari ya alama 1.5. Utaratibu huo ulioanza katika Chuo Kikuu cha Makerere mwaka 1990 humwongezea msichana alama hizo anapoomba nafasi katika chuo kikuu cha umma, na umewafungulia wengi mlango. Ila humsaidia tu yule aliyekwisha kuchukua masomo yanayotakiwa. Msichana aliyeiacha fizikia baada ya kidato cha nne hawezi kuongezewa alama katika mtihani ambao hakuufanya, na hapo ndipo kazi yetu inapoanza, miaka kadhaa kabla ya chuo kikuu kumwona.

Usalama

Hapa sina ulegevu wowote, wala wewe usiwe nao. Wasichana waende wawiliwawili, na mwalimu wa kike awe katika mji huohuo siku nzima, akiwa na simu iliyo wazi na namba za wazazi wote. Mwenyeji awe mwanamke. Ikiwa katika fani hiyo hakuna mwanamke karibu, mwalimu akae nao muda wote. Pasiwe na mazungumzo ndani ya chumba kilichofungwa, wala lifti ya gari la mtu binafsi, wala mwenyeji kuomba namba ya msichana ili "aendelee kumsaidia". Mawasiliano yote ya baadaye yapitie shuleni. Hospitalini ni kutazama tu, wasiguse mgonjwa wala sindano, wasipige picha, na habari ya mgonjwa yeyote isitoke nje ya lango. Wafike nyumbani kabla ya saa kumi na mbili jioni. Beba taulo za kike katika mkoba wako, kwa kuwa msichana mmoja atazihitaji na hatakuwa na ujasiri wa kuomba kwa mgeni.

Gharama si kubwa kama watu wanavyodhani. Nauli hula sehemu kubwa, chakula cha mchana kinafuata, na kalamu na daftari ni kidogo. Chama cha wazazi na walimu, au wahitimu wa zamani wa shule, huweza kubeba yote.

Baada ya ziara

Ndani ya juma moja, kila msichana aandike kurasa mbili: niliona nini, kipi kilinivutia, kipi kilinichosha, na ni masomo gani yanayohitajika. Kisha mkae pamoja mchore njia ya kila taaluma kwa miaka yake. Udaktari ni miaka mitano chuoni na mmoja wa mafunzo ya kazi hospitalini kabla ya usajili kamili. Uhandisi ni miaka minne. Sheria ni miaka minne, kisha mwaka mmoja katika Law Development Centre, chuo cha mafunzo ya uwakili, kwa anayetaka kusimama mahakamani, na Makerere hutoa mtihani wake wa kuingilia shahada hiyo ya sheria. Uhasibu wa CPA, yaani mitihani ya kitaaluma ya wahasibu, unaweza kuanzwa baada ya UACE, mtihani wa kumaliza kidato cha sita, yenye alama zinazotakiwa, bila kusubiri shahada. Msichana akiona miaka hiyo imeandikwa, woga wake hupungua, kwa sababu safari ndefu inayojulikana huvumilika.

Hapo ndipo ninapowasimulia wanawake waliotangulia. Makerere ilianza mwaka 1922, ikapokea wanawake wa kwanza mwaka 1945, na mwaka 1959 Josephine Nambooze akahitimu pale udaktari, mwanamke wa kwanza nchini. Julia Sebutinde, aliyesoma shule ya Gayaza kisha sheria Makerere, aliingia Mahakama ya Kimataifa ya Haki mwaka 2012 akiwa mwanamke wa kwanza kutoka Afrika. Lakini anayewagusa zaidi wasichana wangu ni Gladys Kalema-Zikusoka, aliyekuwa daktari wa kwanza wa wanyamapori katika mamlaka ya wanyamapori ya Uganda mwaka 1996 na kuwatibu sokwe wa milimani kule Bwindi, kwa sababu akiwa mwanafunzi wa sekondari ya Kibuli alikuwa katika klabu ya wanyamapori ya shule. Hilo ni jambo ambalo hata wao wanaweza kulianzisha Jumatatu ijayo.

Daftari za wasichana hubaki katika kabati langu hadi siku ya kuchagua shule na kombinesheni ya kidato cha tano. Siku hiyo nawaalika baba, mama na binti, naliweka daftari mezani katikati yetu, namwomba msichana asome kwa sauti ukurasa aliouandika mwenyewe, nami nanyamaza mpaka amalize.